Viungo vya Krosi Katika Shafti ya Usukani

Malori mengi ya zamani, kama vile Bedford za miaka ya 1960, yalitoka kiwandani bila usukani wa haidroli. Dereva aliyageuza kwa misuli yake. Fundi anapotaka kulifungia lori la namna hiyo sanduku la usukani lisaidiwalo na mafuta, mara nyingi hukuta kuwa sanduku jipya ni nene kuliko la awali, wala halikai mahali palepale kwenye chasisi. Shafti iliyokuwa imenyooka sasa yapaswa kupinda, na kwa hiyo huhitaji viungo vya krosi.

Kiungo cha krosi ni panda mbili za chuma zilizounganishwa kwa msalaba. Robert Hooke wa Uingereza alikichunguza katika karne ya 17. Tabia yake yashangaza: shafti ya kwanza ikizunguka kwa kasi isiyobadilika, ya pili haifuati hivyo. Zikipindana kwa nyuzi 30, ambazo kosaini yake ni 0.866, kasi ya shafti ya pili hupanda hadi mara 1.155 ya kasi ya kwanza na kushuka hadi mara 0.866, mara mbili katika kila mzunguko. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa vipimapembe viwili. Aanze pale panda ya shafti ya kwanza inapolala katika bapa la shafti zote mbili. Akiizungusha nyuzi 45, ya pili itakuwa imefika nyuzi 49 hivi. Zikifika 90 huwa sawa tena.

Dawa yake ni kiungo cha pili chenye pembe sawa na ya kwanza, kikiharibu kile kilichofanywa na kiungo cha kwanza. Ikiwa shafti zote tatu zimo katika bapa moja, panda mbili za shafti ya kati lazima zilale sambamba. Zikikosana kwa nyuzi 90, makosa hayafutiki bali huzidishana: kasi hucheza kati ya mara 0.75 na mara 1.333. Mzigo ukiwa uleule, mkono wa dereva hukuta usukani mzito karibu mara 1.8 kuliko ulivyokuwa robo mzunguko uliotangulia. Katika kona za Kitonga, hilo si jambo dogo. Na pampu, maskini, hulaumiwa na kubadilishwa bure!

Kosa hili ni rahisi kutokea, maana meno ya shafti hukubali kuingia popote. Penye meno 36, jino moja ni nyuzi 10. Alama ya rangi ipigwe kabla ya kufungua.

Shafti zisipokuwa katika bapa moja, panda za kati hazilali sambamba tena. Huzungushwa zikaachana kwa pembe iliyopo kati ya bapa hizo mbili. Na penye viungo vitatu, beringi yapasa kufungwa kwenye chasisi ili kuishika mojawapo ya shafti za kati. Bila beringi hiyo, dereva akizungusha usukani, shafti hujikunja pembeni kama kiwiko kabla gurudumu halijageuka.