Dondoo Muhimu: Thibitisha Kazi Yako Uliifanya Lini

Mwanamuziki wa Lodwar au mpiga picha wa Kakuma hahitaji cheti ili amiliki kazi yake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki huanza wimbo unaporekodiwa au hadithi inapoandikwa. Wazo lililo kichwani halina ulinzi.

Tunza faili asilia. Hapa kuwa makini zaidi. Picha hubeba ndani yake tarehe, saa na aina ya kamera. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo hufutwa. Itume kama dokumenti. Hakikisha saa ya simu ni sahihi. Hata hivyo, tarehe ya simu hubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo faili pekee haitoshi.

Jitumie kazi kwa barua pepe siku unapoimaliza, kabla hujampa prodyuza. Usitupe rasimu, hata zenye mistari iliyokatwa, wala rekodi za mazoezi. Msusi wa vikapu apige picha kikapu kikiwa nusu. Mwigaji hatakuwa nayo.

Sajili kwa Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO) kupitia mtandao. Si lazima, ila cheti chake kina uzito mbele ya hakimu. Mkiwa wawili au zaidi, andikeni majina na mgao wa kila mmoja kabla kazi haijatoka.

Nyimbo na urembo wa jadi wa Waturkana ni urithi wa jamii, unaolindwa na sheria ya 2016. Tafadhali usiusajili kwa jina lako.