Sumu ya panya: Usingoje dalili

Msomaji, ukienda mashambani wakati wa mavuno, huenda ukabeba sumu ya panya ili kuokoa mahindi. Kumbuka kwamba mtoto mdogo hudhani ni peremende.

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Mtoto aliyeila huweza kucheza kama kawaida kwa siku 2 au 3, kisha akaanza kutokwa na damu puani au kwenye fizi. Sumu nyingine huua kwa saa chache. Basi usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na pakiti, ili daktari ajue tiba. Ile inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K.

Kinga ni bora: inua ghala mita 1 kutoka ardhini, zungushia miguu yake mabati, fyeka nyasi, tega mitego.