Somo la Vikundi: Mto Mkavu Haujafa

Sisi watu wa Tawa na Ukambani yote tumezoea kuogopa ukame. Tukisema "shida ya maji" tunamaanisha kwamba maji hayapo. Lakini maji yenyewe pia huua, tena mahali pale pale tunapoyatafuta: mtoni. Katika somo hili tuangalie hatari mbili, na yale ambayo kikundi kinaweza kufanya.

1. Kuvuka mto uliofurika

Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka. Watoto hucheza humo, ng'ombe hupita, na njia ya sokoni huukata katikati. Ndugu zetu wa kaskazini, kule Marsabit na Wajir, huuita mto wa namna hii laga, nao wanajua kuwa si mahali pa kulala.

Kwa nini? Mvua ikinyesha kwa nguvu kwenye vilima vya Mbooni, ardhi iliyokauka, isiyo na majani, haiwezi kuyanywa maji yote. Maji huteremka. Huku chini jua linawaka, wingu hakuna, kumbe mto uko njiani unakuja.

Tukumbuke mto Enziu, karibu na Mwingi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ili livuke. Barabara ilikuwa haionekani. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Basi lilisombwa likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ikiwa basi zima lilishindwa, je, miguu yetu itaweza? Maji yanayokwenda kasi, hata yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima. Na chini yake hatuoni kama mchanga umechimbwa au barabara imekatika.

Basi tufanye hivi:
- Tungoje. Mito yetu hujaa haraka, na mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kuchelewa si kufa.
- Walio juu ya mto wawapigie simu walio chini mara wanapoona maji. Kikundi kichague watu wawili wa kazi hiyo.
- Dereva akisema "tutapita tu," abiria tukatae na tushuke.
- Wazazi wakubaliane mapema ni nyumba gani ng'ambo ya mto itawalaza watoto wa shule mto ukijaa.

2. Kisima cha mchangani

Kiangazi kikizidi tunachimba mtoni, na shimo linazidi kwenda chini. Mchanga hauna nguvu ya kusimama wima. Hubomoka ghafla na kumfukia aliye ndani, ambaye mara nyingi ni mama au mtoto mwenye kibuyu mkononi.

- Mtu asichote peke yake, na mtoto asitumwe kuingia shimoni.
- Shimo likienda chini, lipanuliwe juu, kuta zilale kama mteremko.
- Mifugo wawe na shimo lao, upande wa chini wa mto. La watu lizungushiwe miiba, maana kinyesi kikiingia huleta kuhara na hata kipindupindu.
- Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana safi.

Wazee wetu walijenga matuta na mabwawa kwa mwethya, mkono kwa mkono. Kulinda watu mtoni nako ni kazi ya mwethya. Hakuhitaji saruji wala mfadhili; kunahitaji makubaliano tu.

Maswali ya kujadili
1. Ni vivuko gani vya hatari katika kijiji chetu?
2. Mvua ikinyesha Mbooni leo usiku, nani atatuambia?
3. Ni nani anayechota maji peke yake, na tutamsaidiaje kabla ya mkutano ujao?