Mizinga ya Uwanjani: Hesabu, Macho na Mpango

Mzinga wa uwanjani ni mzinga unaokokotwa ili uandamane na askari wa miguu vitani. Wengi hudhani kwamba nguvu ya kikosi cha mizinga imo katika chuma na baruti. Historia yaonyesha kwamba nguvu hiyo hutokana zaidi na vipimo sahihi na mpango mwema wa kazi.

Mwaka 1765 Jenerali Gribeauval alianza kuyapanga upya mizinga ya Ufaransa. Aina za mizinga ya uwanjani zilipunguzwa zikabaki za makombora ya ratili 4, 8 na 12, pamoja na mzinga mfupi wa kurusha juu. Mitutu ilifanywa myepesi, na sehemu za magari yake zikatengenezwa kwa vipimo vya namna moja, hata gurudumu lililovunjika likaweza kubadilishwa upesi.

Hata hivyo, kila mzinga ulipofyatuliwa ulirudi nyuma, ukahitaji kulengwa tena. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, wa mwaka 1897, uliondoa taabu hiyo: mtutu ulirudi peke yake, nguvu yake ikamezwa na mafuta na hewa iliyoshindiliwa, na magurudumu yakatulia mahali pake.

Yafaa sasa tutazame njia ya kombora. Mwaka 1638 Galileo alieleza kwamba, pasipo ukinzani wa hewa, kitu kilichorushwa hufuata mchirizo wa parabola. Kwa pembe ya digrii 45, umbali wake ni kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Mzinga wa Kiingereza wa ratili 25, uliotumika katika Vita Kuu ya Pili, ulirusha kombora kwa kasi ya meta 532 kwa sekunde. Basi:

532 × 532 ÷ 9.8 = meta 28,880 hivi.

Lakini kwa kweli kombora hilo halikupita meta 12,250 hivi. Ingawa mtutu wake uliinuliwa hadi digrii 40 tu, tofauti hiyo ya pembe ni ndogo mno. Sehemu kubwa ya umbali ilimezwa na hewa. Ndiyo maana wapiga mizinga huhitaji majedwali yanayozingatia upepo, joto na uzito wa hewa. Kosa dogo laweza kuliangusha kombora juu ya askari wa upande wao wenyewe.

Tena, mzinga unaoonekana na adui huangamizwa. Kwa hiyo hufichwa nyuma ya kilima, na kazi hugawanywa: mwangalizi aliye mbele huona shabaha, wenye hesabu hupata pembe na mwelekeo, na wapigaji hutii.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Rufiji, Julai 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya mto huo. Tarehe 6 meli mbili za Waingereza zilirusha mamia ya makombora bila kuiona, zikiongozwa na ndege. Machache tu yaliipata. Tarehe 11 zilirudi, masahihisho ya waangalizi yakafuatwa vema zaidi, na manowari ikaangamia. Lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaitilia magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmojawapo upo Fort Jesus, Mombasa. Wapagazi wa Kiafrika walioikokota kwa kamba hawana sanamu kando yake.

Mpango nao una hesabu yake. Hadi mwaka 1940, rejimenti ya Kiingereza ya mizinga 24 iligawanywa katika betri mbili za mizinga 12. Betri hapa ni kundi la mizinga lenye kamanda mmoja. Lakini brigedi ya askari wa miguu ilikuwa na batalioni tatu! Baada ya vita vya Ufaransa vya mwaka huo, rejimenti ilipangwa kuwa na betri tatu za mizinga 8, ili kila batalioni iwe na betri yake. Idadi ya mizinga haikuongezeka. Kilichobadilika ni mgawanyo.

Maswali ya kujipima

1. Kasi ikipunguzwa kuwa nusu, umbali wa kombora pasipo hewa utakuwa sehemu gani ya ule wa kwanza?
2. Kwa nini umbali halisi wa kombora ni mfupi kuliko ule wa hesabu ya Galileo?
3. Simu ya mwangalizi ikikatika, ni kazi ipi ya kikosi itakayokwama kwanza?