Somo la Tope la Ziwa

Mtu asimamaye ufuoni Bukoba, au avukaye maji kutoka Muleba kwenda Bumbire, hulitazama Ziwa Victoria akadhani ya kuwa halikupata kukosekana tangu dunia ilipokuwako. Dhana hiyo si sahihi, na shahidi wake ni tope lililo chini ya maji.

Suala: Tope lawezaje kutoa ushahidi?

Jawabu: Kila mwaka vumbi, udongo wa mito, chavua ya maua na magamba ya vijimea vya majini hushuka chini, tabaka juu ya tabaka. Lililo chini ni la kale, lililo juu ni jipya. Wataalamu huzamisha bomba refu, wakalitoa limejaa tope lisilovurugika, wakalisoma mfano wa kitabu. Chavua huwajulisha kwamba nchi ilikuwa msitu au mbuga. Kaboni iliyomo huwajulisha miaka.

Suala: Wameona nini?

Jawabu: Tope lililotolewa, ambalo habari zake zilichapwa mwaka 1996, lilikuwa laini juu, lakini chini yake palikuwa na udongo mgumu wa nchi kavu, wenye vijizizi vya majani. Mitambo ya kupeleka sauti chini ikaonyesha tabaka hilo hata penye kina kirefu. Ikajulikana ya kuwa ziwa lilikauka, likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita.

Suala: Lilikauka kwa sababu gani?

Jawabu: Ziwa hili ni pana, lakini kina chake hakifiki mita 100, na maji yake mengi hutoka katika mvua iliangukiayo lenyewe, si katika mito. Mvua ikikatika, jua hulinywa. Nalo tope la bahari ya Atlantiki ya kaskazini lina vijiwe vilivyochukuliwa na barafu zama zizo hizo. Barafu ilipoyeyuka humo, mwendo wa maji ya bahari ulidhoofika. Na wataalamu wengi huona kwamba ndipo mvua za huku zilipopungua.

Kinyume chake kilionekana mwaka 1961 hata 1964: mvua ilizidi, na ziwa likapanda zaidi ya mita 2.

Basi mwenye migomba Bukoba na mvuvi wa Ikuza wajue ya kuwa riziki zao zategemea mvua moja, na mvua hiyo yafungamana na bahari wasizopata kuziona. Aliyesoma na amsomee asiyejua kusoma.