Jicho la ng'ombe likivimba, tufanye nini?



Katika matembezi yetu ya Masisi tulikuta ndama wawili vipofu. Mwenyewe aliona machozi mapema, akatia maji ya tumbaku, akangoja. Tumbaku, chumvi na majani makali vinachoma jicho na kuongeza kidonda. Ndama asiyeona hatafuti majani vizuri, na kwenye soko bei yake inaanguka.

Kwanza tuchunguze. Tufunge mnyama vizuri, tufungue kope polepole, mahali penye mwanga.

1. Machozi mengi, mnyama anafumba jicho na kukimbia jua, kisha doa jeupe katikati ya jicho: sana sana ni ugonjwa wa jicho jekundu. Mikrobe yake inaitwa Moraxella bovis, na nzi ndio wanaibeba toka ng'ombe mmoja kwenda mwingine.

2. Jicho moja tu linauma: tutafute mbegu ya nyasi au takataka ndani. Tuitoe kwa maji safi yaliyochemka na kupoa.

3. Uvimbe uko kuzunguka jicho, ni moto, ama jicho linasukumwa nje, na mnyama hali: inaweza kuwa pigo la pembe, mwiba, ama usaha ndani. Hapa tusitoboe, tusikamue. Tuite munganga wa nyama siku ile ile.

Kwa jicho jekundu, tufanye hivi:

- Tutenge mgonjwa, tumuweke kivulini.
- Tusafishe jicho kwa maji yaliyochemka na kupoa. Kila mnyama na kitambaa chake, na mikono tunawe.
- Tupake pomadi ya macho ya tetrasiklini 1%, mara 3 kwa siku.
- Veterineri anaweza kupiga sindano ya oksitetrasiklini ya muda mrefu. Ile ya 20%, kipimo ni ml 1 kwa kilo 10: ndama wa kilo 100 anapata ml 10. Tusome kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa ama kula nyama.
- Dawa yenye deksametazoni tusitie kwenye jicho lenye kidonda, juu inaweza kulitoboa.

Tuondoe mavi zizini kila siku ili nzi wapungue. Na kesho asubuhi, kabla ya kukamua, tuangalie macho ya kila mnyama. Machozi ya leo yanatibika; jicho lililopasuka halirudi.