Majeraha ya Ugwe wa Mgongo na Athari Zake Mwilini

Malengo. Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kutaja kazi za ugwe wa mgongo;
(b) kueleza kwa nini mahali palipojeruhiwa huamua athari;
(c) kueleza namna ya kumhudumia majeruhi.

1. Muundo na kazi

Usichanganye uti na ugwe. Uti wa mgongo ni mhimili wa mifupa uliojengwa kwa pingili 33. Ugwe wa mgongo ni kamba ya neva ipitayo ndani ya tundu la pingili hizo. Kwa mtu mzima, ugwe una urefu wa sentimita 45 hivi na hutoa jozi 31 za neva: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu na 1 ya kifandugu.

Ugwe una kazi mbili: kupitisha taarifa kati ya ubongo na mwili, na kuratibu matendo ya refleksi.

2. Jeraha hutokeaje?

Ajali za barabarani, kuanguka kutoka juu ya mti na kupiga mbizi kwenye maji mafupi huweza kuvunja au kutegua pingili, nayo ikaukandamiza ugwe. Mfupa uliovunjika huweza kuunga, lakini seli za neva zilizokufa ndani ya ugwe hazioti tena. Ndiyo maana athari nyingi hudumu maisha yote.

Fikiria bomba la maji lililokatika katikati ya mtaa. Nyumba zilizo kabla ya mkato hupata maji. Zilizo mbele yake hukauka, ingawa koki zake ni nzima. Vivyo hivyo, miguu hupooza si kwa sababu ina ugonjwa, bali kwa sababu amri za ubongo haziifikii.

3. Mahali pa jeraha na athari zake

- Juu ya shingo: mikono na miguu hupooza. Neva za kiwambo hutoka jozi ya 3 hadi ya 5 za shingo, hivyo majeruhi huweza kushindwa kupumua.
- Chini ya shingo: kiwambo hufanya kazi, lakini kukohoa huwa dhaifu. Mikono hupoteza sehemu ya nguvu, miguu hupooza.
- Kifuani na kiunoni: mikono hubaki mizima, miguu hupooza.

Katika ngazi zote, majeruhi huweza kushindwa kudhibiti haja ndogo na kubwa. Asipohisi maumivu, hajigeuzi, na ngozi iliyogandamizwa hufanya vidonda. Kwa hiyo alalaye kitandani hugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa 2.

Zingatia: Ugwe ukijeruhiwa sehemu tu, baadhi ya hisia au miondoko hubaki.

4. Swali lenye mtego

*Kijana alianguka kutoka juu ya mnazi, ugwe ukakatika kifuani. Wiki kadhaa baadaye hahisi wala hawezi kusogeza miguu, lakini akigongwa chini ya goti, mguu unaruka. Ndugu zake wanasema amepona. Je, ni kweli?*

Jibu: Si kweli. Refleksi ya goti huratibiwa na sehemu ya kiuno ya ugwe, iliyo chini ya jeraha, wala haihitaji amri ya ubongo. Njia ya kwenda na kutoka ubongoni bado imekatika.

Ukiandika "si kweli" pekee, umeacha alama mezani. Toa sababu.

5. Kumhudumia majeruhi

Swali hili huenda likakukuta barabarani kabla ya chumba cha mtihani. Usimkalishe majeruhi, usimbebe kwa makwapa na miguu, wala usimpakie kwenye bodaboda. Pingili iliyovunjika ikisogea, huweza kuukata ugwe uliokuwa bado mzima. Shika kichwa chake kitulie na uite msaada. Ikilazimu kumhamisha, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, kisha wamlaze juu ya ubao mpana. Mwondoe haraka ikiwa tu pana hatari kubwa zaidi, kama moto.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha uti na ugwe wa mgongo.
2. Kwa nini jeraha la juu ya shingo ni hatari kuliko la kiunoni?
3. Eleza kwa nini mtu aliyepooza miguu hupata vidonda bila kujua.